Wapangaji wa Shangani

Asubuhi nilikuta vichuguu saba
kwenye ukoka wa Bwana Hokororo,
vidogo kama vikombe vya kahawa vilivyopinduliwa.
Mchanga wake laini, umechekechwa:
hata mpika mkate wa kumimina
hachekechi unga namna ile.

Ukoka huu niliupanda kwa vidole,
kishina kwa kishina,
mwaka ule gesi ilipovuma mjini Mtwara
na vyumba vya Shangani vikaanza kutajwa kwa dola.
Bwana Hokororo alisema: Mnali,
wageni hawa hawawezi kuamka wakatazama mihogo.
Nikaing'oa mihogo. Nikang'oa na kunde.
Nikawa namwagilia majani yasiyolika
kwa maji ya kununua, dumu kwa dumu.

Wageni walikaa misimu miwili ya korosho.
Wakafunga mabegi, wakaacha mapazia,
na kibao getini, NYUMBA INAPANGISHWA,
jua likakila kuanzia mkiani.
Sasa kinasomeka NYUMBA INAPA.
Inampa nani, hakisemi.

Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, simu inalia.
"Mnali, nitumie picha ya bustani."
Yuko Dar, ghorofa ya nne, miguu imevimba;
anaupenda ukoka huu
kama mtu apendavyo picha yake ya ujana.
Mshahara wangu wa miezi mitatu haupendi hivyo.

Basi, vichuguu saba.
Somoe wa nyumba ya pili akasema, chemsha maji.
Nikachemsha sufuria nzima ya pilau, nikamimina.
Nyasi zikaiva kama mchicha,
likabaki duara la kahawia,
na kesho yake chungu walitokea pembeni ya duara:
walikuwa wamehamisha mlango tu.

Likumbage akasema, mafuta ya taa.
Niliogopa bei.

Nikakumbuka salfa,
masalio ya mikorosho ya shemeji kule Nanguruwe.
Nikapulizia bustani kama shamba.
Upepo ukaibeba yote ukampelekea ustadhi
aliyekuwa anapita na kanzu iliyopigwa pasi.
Nilipiga chafya hadi adhuhuri.
Wao hawakupiga hata moja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa hawakungoja kupewa.
Walikuja na majembe yao, mdomoni.

Nikachukua koleo.
Nilichimba kimoja tu, cha karibu na bomba,
nikapiga magoti kutazama.
Njia ndani ya njia. Ghala la mbegu za nyasi.
Mayai meupe kama chenga za mchele,
na kila mmoja anakimbia na yai
ambalo sidhani alilitaga yeye.
Nikahesabu vyumba mpaka nikapoteza hesabu.
Vingi kuliko vya Bwana Hokororo,
na vyote vina watu.

Nilirudisha udongo, lakini vibaya,
kama mtu aliyefungua barua isiyo yake
na gundi haishiki tena.

Ijumaa ikafika.
Kiti cha plastiki nikakiweka juu ya duara lililoungua.
Ndoo nikafunika kichuguu kikubwa.
Nikalala kifudifudi, simu chini kabisa,
ili majani yaonekane marefu na mengi,
nikapiga, nikatuma.

Kimya.
Kisha sauti yake, na pumzi nzito ya ngazi:
"Safi. Safi sana, Mnali.
Na hao weusi weusi karibu na kiti, ni nani?"

"Wapangaji, bosi."

Nikasikia anafikiri. Nikasikia feni yake.
"Wanalipa?"

Sijafungua mdomo, mmoja akaniuma kifundoni,
papo hapo, taslimu,
bila kunitajia mwisho wa mwezi.