Saa ya Tumsifu

Tumsifu wa mazoezi ya viungo
alinifunga saa nyeusi, nyepesi kama ganda la karanga.
Itahesabu yenyewe, mama. Wewe tembea tu.

Jumamosi nikakuna nazi saba za harusi ya Sikudhani,
nimekaa kitako juu ya mbuzi, goti nimelinyoosha.
Jioni saa ikatetemeka kwa furaha:
hatua elfu nne!

Ila ngazi za ghorofa yetu, Kariakoo,
arobaini na mbili, lifti imekufa tangu Ramadhani,
hizo nazipanda mkono umeng'ang'ania chuma,
mguu mzima kwanza, mbovu unafuata kama mdaiwa,
napumzika mlangoni kwa fundi cherehani,
napumzika tena.
Saa inaona mkono umetulia.
Inaandika: amelala.

Kliniki, Tumsifu akafungua simu yake.
"Jumamosi ulivunja rekodi!"
Nikamsimulia habari ya nazi.
Akacheka mpaka akakaa.

Kisha akapiga magoti,
akaihamishia saa kwenye kifundo cha mguu,
ule ule unaolia usiku,
taratibu, kana kwamba anauuliza jina.

Leo nimepanda.
Saa inasema arobaini na moja.
Hiyo moja, tunadaiana.