Hakuna Utepe Chini ya Ardhi

Kazi yangu ni kujumlisha.
Ghorofa ya pili, ofisi ya mapato, mji wa Harrowby, Ontario,
ambako mitaa imepewa majina
ya miti iliyokatwa ili ipite.

Bomba la Mtaa wa Elm lilizikwa mwaka wa sitini na moja.
Limepasuka mara nne tangu Pasaka.
Mara ya mwisho maji yaliingia jikoni kwa Bi. Muriel Tackaberry,
yakaviinua viatu vya marehemu mumewe.
Alinipigia simu. Nikamwambia fungu limekwisha.
Sikumwambia lilikwisha lini.

Hesabu yenyewe si ngumu:
kila nyumba mpya hulipa ada kabla haijapata paa.
Nyumba mia nne, ada mia nne,
na pengo la bajeti linafumba mdomo hadi mwakani.
Mabomba yake? Yatazeeka
mikononi mwa mtu mwingine. Nitakuwa nimestaafu.

Basi tukalitazama shamba la Hoekstra:
ekari tisini za mahindi, udongo mweusi
kama masizi ya chungu.
"Shamba hili linatulipa nini?" aliuliza meya.
Nikataja kodi yake ya mwaka. Wakacheka.
Nami nikacheka, Mungu anisamehe,
maana nilikuwa nimekaa nao meza moja.

Uchaguzi ni Oktoba.
Meya alikata utepe kwa mkasi mrefu kama mapanga mawili,
picha ikatoka gazetini, tingatinga la njano nyuma yake.
Nani amewahi kukatia utepe
bomba lililozibwa? Nani atashuka shimoni
na suti, na mpiga picha?

Wahenga walionya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Hawakuijua Harrowby.
Hapa ufa hauzibwi;
tunajenga ukuta mwingine, kilomita sita mbele,
na kwa ada yake tunalipia nyufa za zamani —
hapana, niseme kweli,
tunalipia riba ya nyufa.

Wiebe Hoekstra alikuja dirishani kulipa kodi ya mwisho.
Aliuza kwa bei nzuri, simwonei huruma.
Aliuliza tu kama ataruhusiwa kuvuna kwanza.
Nilitazama kalenda.
Tingatinga lilikuwa la Jumanne.

Leo simu imelia tena. Mtaa wa Elm.
"Bi. Tackaberry," nimesema, "subiri kidogo,"
nikaikunjua ramani mezani,
nikaanza kutafuta shamba.