Simba wa Mlango wa Choo

Mia mbili haja ndogo, mia tatu haja kubwa,
sabuni ni hisani yangu.
Hapa Mwaloni Kirumba hakuna asiyenipitia:
wachuuzi wa dagaa wenye chumvi hadi kwenye kope,
wapakiaji, madereva wa Fuso,
na yule mpima mizani anayenyoosha noti ya elfu kumi
ili nimwambie pita tu, utalipa ukirudi.

Sarafu huzisoma kabla hazijaingia kopo.
Gumba kwanza, macho baadaye,
maana saa kumi na moja alfajiri umeme huwa umekatika
na gumba halina luku.

Mwanzo nilikuwa mjinga. Niliona doa linang'aa
mgongoni mwa nyati wa mia tano,
nikamficha ndani ya sidiria siku tatu,
nikiota kiwanja Buhongwa.
Nilipomwosha kwa Omo, doa likabanduka:
gamba la sato.

Aliyenifundisha ni Lushinge, mkereza vyuma wa Igogo,
ambaye kibofu humleta kwangu kila akija sokoni,
mara mbili, mara tatu,
na kila mara analipa.
Alisema: Sarafu haichorwi, Nyanzobe. Hugongwa.
Kipande kitupu kinalala kati ya mihuri miwili
kama ulimi kati ya meno,
uzito unashuka, basi, simba kazaliwa.
Muhuri nao ni chuma, huchoka.
Ukipasuka, chuma laini hukimbilia ndani ya ufa,
kwa hiyo ufa wa muhuri ni mshipa kwenye sarafu.
Sikiliza vizuri:
kilichozama kule, huku huinuka.

Akafunga zipu vizuri, akaenda zake.

Tangu hapo nina sheria moja.
Alama iliyozama ni ya dunia:
tairi, jino, msumari,
mtoto aliyeisugua sarafu sakafuni akingoja uji.
Iliyoinuka, sarafu ilizaliwa nayo.

Nimepata swala wa mia wanaolala chali
ukiigeuza sarafu kama ukurasa,
kana kwamba aliyefunga muhuri
alikuwa anatazama saa ya kutoka kazini.
Nimepata hamsini ambayo mtoto wa kifaru hana uso;
grisi iliziba shimo lake,
na mama yake anatembea tu, hajui.
Nimepata mwaka wenye tarakimu tatu.
Kisha nikampata yeye, simba wa mia mbili
mwenye mshipa kutoka jichoni hadi ukingoni,
mwembamba kama uzi wa wavu wa dagaa,
umeinuka.

Nilimweka kwenye kopo la Kiwi lililoisha dawa.
Usiku nilimpapasa gizani.
Sikujua bei yake, na sikuuliza,
nisije nikaambiwa.

Ijumaa Malimi wa mzabuni akaja na mfuko wake.
Akahesabu kwa mafungu ya kumi, akasimama.
Moja ilikuwa na samaki:
mia mbili ya Uganda,
imevuka ziwa mfukoni mwa mtu
ikapita chini ya gumba langu nikiwa napiga miayo.
Akanirushia. Hii si yetu. Jazia.

Mfukoni sikuwa na kitu. Nauli ilikuwa nauli.
Nikafungua kopo la Kiwi.

Malimi hakumtazama.
Simba akaingia mfukoni
akalia kama wenzake walivyolia,
nikashangaa: nilidhani atalia tofauti.

Lushinge alipokuja nilimweleza.
Akanyamaza muda mrefu kuliko haja yake.
Halafu akasema, sasa yuko kazini,
atakuwa amenunua nyanya hapo Mlango Mmoja,
atakuwa chini ya kiti cha bajaji.

Samaki wa Uganda ninaye. Nimemkagua pande zote.
Hana kasoro hata moja, maskini.

Leo asubuhi Lushinge alilipa tena.
Nikampitisha simba wake chini ya gumba,
jicho, shavu, ukingo.
Laini.
Nikamwambia, pita.