Sekunde Tisa

Wimbo wa Mwamini Shekiondo niliunasa redioni
Jumapili moja, mvua ikichapa mabati ya jiko letu Mbokomu,
juu ya kanda ya mahubiri ya baba mdogo.
Niliziba vile vitundu viwili kwa karatasi niliyoitafuna,
Mungu anisamehe, na baba mdogo pia.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri.
Kwenye wa pili, pale sauti yake inapopanda
kama mtu anayekwea ngazi na ndoo kichwani, hataki imwagike,
mama akaingia:
"We Anansia! Zima hilo dude, ng'ombe hajala!"
Halafu mlango. Halafu debe kuanguka.
Sekunde tisa. Nimezihesabu.

Nikaupenda hivyohivyo, na tundu lake.
Nilifua nao, nilikata nao majani ya ng'ombe yuleyule,
niliteremka nao mpaka Kiboriloni kuuza mitumba,
na nikifika pale mdomo wenyewe uliita: ng'ombe hajala.
Wenzangu wakadhani ndiyo maneno ya wimbo.
Hadija wa viatu anaimba hivyo mpaka leo.

Mwaka aliokuja Moshi
kiingilio kilikuwa elfu mbili, nami nilikuwa nayo,
nimeifunga kwenye pindo la khanga.
Lakini maji ya mfereji hayamjui msanii.
Zamu yetu iliangukia usiku huohuo,
na asiyetokea, zamu yake hunywewa na migomba ya jirani.
Nilisimama matopeni na jembe na chemli,
nikitazama taa za mjini kule chini.
Nikachagua moja, ya njano, karibu na reli,
nikasema: yuko pale.
Huenda lilikuwa ghala la kahawa.
Niliiimbia.

Alipokufa sikulia.
Nilikuwa nimeshika sweta ya mtoto, mteja anavuta bei,
na redio ya fundi cherehani ikalitaja jina lake
kwa sauti ileile ya kutangaza bei ya mbolea.
Nikamwachia sweta kwa mia tano.
Alishangaa. Akachukua na nyingine.

Watu huniuliza, kwani ulimjua?
Sikumjua. Sijui kama alikunywa chai ya rangi au ya maziwa.
Sijui kaburi lake lina vigae au lina nyasi.
Ninachojua: mama alipofariki,
ndugu walianua matanga siku ya nne, wakapanda magari yao.
Mwamini alibaki na mimi jikoni,
na katikati ya ubeti wa pili
mama alikuja kutugombeza wote wawili.

Krismasi iliyopita Godlisten, mwanangu, akaja na simu.
"Mama, nimekupatia wimbo wako. Msafi, hauna mkwaruzo."
Nikakaa kwenye kigoda. Ubeti wa kwanza. Wa pili.
Sauti ikapanda na ndoo yake,
nikainua kichwa kama mtu anayejua ataitwa.

Sikuitwa.
Mahali alipokuwa amesimama mama miaka ishirini na minne
palikuwa na maneno:
*nimechelewa kurudi, msinifungie mlango.*
Basi. Hayo tu.
Mwamini alikuwa akiyaimba muda wote huo,
chini ya mama, chini ya debe, chini ya mvua,
na mimi nilikuwa nikikata majani.

Nikamwambia Godlisten, ni mzuri, asante baba.
Nikaenda kugeuza ndizi zisiungue.

Kanda nimeiweka kwenye kopo la maziwa ya unga.
Siipigi ovyo, utepe umekuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu.
Mwamini yumo kwenye simu za watu wote.
Mama yumo humu tu.

Siku hizi nikifika pale nayasema yote mawili kwa pumzi moja,
nimechelewa kurudi, ng'ombe hajala, msinifungie mlango.
Mizani inazidi, napaliwa.
Hadija anasema nimeuharibu wimbo wa watu.