Tope la Tangi Namba Tatu

Wałbrzych, mwezi wa Machi, barafu bado iko kwenye kingo za shimo.
Tangi la gesi lilikatwa kwa moto, likauzwa kwa kilo.
Kilichobaki hakina mnunuzi:
tope jeusi, zito, linalonuka kama kabati la bibi
lililojaa vidonge vya kufukuza nondo.

Ludmiła Pawlik anachota kwa kijiko kirefu,
anaandika tarehe kwenye chupa, anaifunga mara mbili.
Baba yake alilisha tanuru makaa hapa miaka kumi na tisa.
Alikohoa miaka saba.
Hesabu hiyo hakuna maabara iliyoiomba.

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu.
Hili si maji.
Tunalizoa.

Chokaa, saruji, majivu ya kiwanda cha chuma;
pipa linazunguka, linakoroma, linatoa mvuke.
Sumu inashikwa mkono na jiwe,
inaambiwa: kaa humo.
Siku ishirini na nane tunangoja tofali likomae,
kisha tunalitosa majini, na maji tunayauliza:
mmeonja nini?

Mara ya kwanza yalijibu kwa rangi: buluu,
buluu nzuri ya kuvaliwa sikukuu. Sianidi.
Tukaponda yote, tukaanza upya.
Ludmiła hakutukana. Alivua glavu,
akala mkate wake ndani ya gari, peke yake.

Mara ya nne, maji yalinyamaza.

Leo matofali yamelala chini ya barabara ya malori.
Kando yake hatupandi mboga.
Hatusemi tope limepona. Tunasema limefungwa,
na ufunguo ni daftari
ambalo mtu, kila Machi, lazima alifungue.