Mikono Miwili ya Kulia

Jumapili, Karume, kabla mabati hayajapata moto,
Shemsa ananipimia kwa kopo la rangi la lita nne:
mashujaa wa plastiki, elfu sita kopo likijaa,
na kichwa kimoja cha nyongeza, kwa kuwa mimi ni mteja.
Hatuchagui. Ukichagua, bei inapanda.
Wametoka robota moja na soksi za sufu,
wamelala mzungu wa nne,
kisigino cha huyu kwenye kwapa la yule.

Nyumbani Temeke nawamwaga kwenye ungo.
Ungo ni wa mama. Anajua, ameamua kunyamaza.
Natenga wazima na chuya.
Chuya ndio ninaowataka.

Kazi yangu ya mchana ni meno ya bandia.
Naletewa midomo ya watu kwa umbo la plasta,
sijawahi kuwaona wenyewe,
nao wanatafuna muhogo wao huko bila kunijua.
Basi usiku nina kila kitu: msasa laini,
taa ya spiriti, unga wa waridi unaogeuka ufizi,
na subira, ambayo Shemsa haiuzi.

Maji ya moto kutoka chupa ya chai.
Dakika mbili, bega linalegea lenyewe.
Usivute kwa hasira. Vuta
kama unavyomvua shati mtoto aliyesinzia.
Tok.
Kiwiliwili cha mwanajeshi, nembo nimeikwangua.
Miguu ya mcheza mieleka, iliyopinda kidogo.
Kiuno kilikataa kushika, nikakijaza ufizi wa waridi;
ukimfungua mkanda utaona tumbo linacheka.

Shida ni kichwa.
Wote wana taya lilelile, tofali la nchi sita.
Pua nikaitanua, midomo nikaiongeza,
nywele za njano nikazinyoa kwa wembe,
nikampaka rangi iliyobaki kwenye mlango wa jirani.
Nilikusudia shujaa. Alipokauka
akawa Mzee Kibwana, mwenye nyumba,
na jicho lake la kodi ya miezi sita.
Nikamgeuzia ukutani.
Huwezi kulala huku unadaiwa na mtu wa shibiri moja.
Asubuhi nikamgundishia ndevu za uzi mweusi,
akapoa.

Halafu mikono.
Wiki tatu, makopo matatu,
sikupata wa kushoto unaoingia bega lile.
Ya kulia tele.
Sijui watoto wa huko walifanya nini
na mikono ya kushoto: waliizika, waliilisha mbwa,
au huko vita vyote vinapiganwa upande mmoja.
Nikachoka. Nikamtia wa kulia, na wa kulia tena.
Kidole gumba kikatazama nje,
kama cha mtu anayesema, mimi simo.

Nuhu wa chumba cha pili ndiye aliyemwagiza,
kwa elfu mbili za sarafu na malalamiko ya kila jioni.
Akamzungusha. Akamkunja goti. Akanusa gundi.
Nikaanza kujitetea, uhaba, soko, robota,
akaninyamazisha kwa kiganja.
Akachana andazi lake mara mbili,
akamwekea kipande huku, kipande huku.

"Huyu," akasema, "hata ukimshtukiza
hawezi kukupa kitu kwa mkono wa kushoto."
Akafikiri.
"Ana adabu kukuzidi, fundi."

Akaondoka naye koridoni, kichwa chini, miguu juu.
Andazi moja likadondoka. Kuku akalimaliza.

Kwenye kopo nimebaki na mikono kumi na minne ya kulia.
Kama uko mahali, Kigogo, Kimara, Mbagala,
na ndoo imekujaa ya kushoto,
nawe umekaa gizani unasubiri luku iingie,
huku unawalaani watu usiowajua,
njoo Karume Jumapili, mapema.
Muulize Shemsa. Mwambie unamtafuta wa meno.