Kazi ya Marehemu

Jengo la Uhuru na Kazi, dirisha la tatu.
Jina nimeshajaza: Mwadzombo.
Kwenye "kazi" pana mstari mmoja,
mfupi kama kidole gumba.

Niandike mkulima? Mkulima ana hati.
Baba alikuwa na sugu.
Miaka arobaini Mwakirunge, mihogo ya watu.

Mkwezi, basi. Lakini hilo ni jina la goti,
kabla goti halijaukataa mnazi.
Mgema? Mama ataniua, kanisani hawajui.
Kibarua ni barua ndogo, ya siku moja,
jioni huchanwa
pamoja na aliyeandikwa.

Mwenye shamba alimwita "kijana wangu"
mpaka mvi zikafika kwenye nyusi.
Mwaka wa matingatinga, askari walisema: maskwota.

Mama husema tu, "Yuko kondeni."
Hata juzi kasema,
akapakua sahani moja zaidi.

Karani anagonga kalamu. Foleni inakohoa.
Naandika: mlimaji.

"Hilo ndilo lipi tena?"

Ni mkulima, namwambia, ukitoa shamba.

Anapiga muhuri.
Wino unalilalia neno lote.